Matibabu ya mzizi wa jino: mashine au mkono?

Mama au mlezi, ukimpeleka mtoto mwenye jino bovu mjini Moshi, unaweza kuulizwa: ling'olewe au litibiwe mzizi? Ukikubali kutibu, huenda ukaambiwa kuna kazi ya mkono na ya mashine. Hapo wengi wetu huku Masama tukisikia mashine ni ghali, tunasema basi, ling'olewe. Tusiharakishe.

Daktari anafanya nini?
Ndani ya jino kuna kiini chenye mishipa ya damu na fahamu. Kikioza, daktari hukitoa, husafisha na kupanua njia za mizizi kwa visindano vyenye makali kama tupa, huziosha kwa dawa, kisha huziba.

Tofauti iko wapi?
Visindano vya mkono vingi ni vya chuma cha pua. Ni nafuu na havihitaji umeme, ila ni vigumu, hivyo kwenye mzizi uliopinda vinaweza kuacha njia. Vya mashine, vilivyoenea tangu miaka ya 1990, ni vya nikeli na titani. Vinapinda kufuata mzizi na kazi huisha mapema, nafuu kubwa kwa mtoto anayechoka kuachama. Lakini ni ghali, na vikitumika kupita kiasi vinaweza kukatikia ndani.

Tafiti kwenye meno ya utotoni zinaonyesha mashine huokoa muda, lakini kupona hakutofautiani sana. Kinachookoa jino ni kusafisha vizuri na kuziba vizuri. Kwa hiyo kukosa mashine si sababu ya kung'oa.

Jino la kuangalia zaidi
Karibu na miaka 6, gego la kudumu huota nyuma kabisa bila jino lolote kung'oka. Wengi hudhani ni la utotoni. Likitolewa, halioti tena. Mizizi yake hukomaa kwenye miaka 9 au 10. Kabla ya hapo matibabu huwa tofauti, kwa hiyo taja umri wa mtoto.

Muulize daktari
- Jino hili ni la utotoni au la kudumu?
- Linaweza kuokolewa? Kwa gharama gani yote, pamoja na kuziba juu?
- Tutarudi mara ngapi?

Dawa ya maumivu hutuliza tu, haitibu. Mtoto akivimba uso, akipata homa, au akishindwa kumeza au kupumua vizuri, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.