Mtaji wa Mezani na Mshahara wa Askari

Katika mchezo wa karata uitwao poka, ambao chimbuko lake ni Marekani na ambao leo huchezwa katika kumbi za kamari za miji mingi duniani, uamuzi mzito kuliko yote hufanywa kabla ya karata ya kwanza kugawiwa. Uamuzi huo ni kiasi cha fedha ambacho mchezaji anakaa nacho mezani. Wengi huufanya kwa haraka, kwa kupapasa mfuko au kwa kuona haya mbele ya wenzao. Maoni yetu ni kwamba askari au polisi asiyeweza kuueleza uamuzi huo kwa sababu zilizo wazi hana budi kukaa mbali na meza.

Sheria ya meza ni hii: mchezaji hushindania zile fedha tu zilizo mbele yake. Mgawo ukishaanza, haruhusiwi kuongeza hata senti moja. Wala haruhusiwi kurudisha mfukoni sehemu ya alichoshinda huku akiendelea kucheza. Meza ambayo madau yake ya lazima ni dola 1 na dola 2, mara nyingi huruhusu mtu kukaa na dola 40 au 80 kwa uchache, na dola 200 kwa wingi. Tena, baina ya watu wawili wanaopambana, mtaji wenye maana ni ule mdogo. Mwenye dola 200 akikabiliana na mwenye dola 40, vita vyao ni vya dola 40 basi.

Wako wanaoshauri kwamba daima mtu akae na kiasi kikubwa kinachoruhusiwa. Hoja yao ina uzito. Mtu aliyepewa karata mbili za namba moja, tuseme saba mbili, hupata saba ya tatu katika karata tatu za kwanza za mezani kwa kadiri ya mara 12 katika 100. Akilipa dola 10 kila mara ili kuitafuta, atapoteza dola 880 katika zile mara 88 alizokosa. Ikiwa mitaji ni ya dola 40, zile mara 12 za bahati haziwezi kuzifidia hasara hizo. Ikiwa ni ya dola 200, huenda zikazifidia na kuzidi. Kwa hiyo mtaji mkubwa humfaa aliye hodari kuliko wenzake, kwa kuwa humpa nafasi ya kutumia uhodari wake.

Lakini mtaji huo huo humwadhibu mwanafunzi. Mwenye dola 40 ana maamuzi machache: huingia au hujitoa, na kosa lake lina mpaka. Mwenye dola 200 hukutana na maamuzi magumu hadi karata ya mwisho, na kila kosa ni ghali zaidi. Hata aliyeshika ree mbili, ambazo ni karata bora za kuanzia, akipambana na mwenye wafalme wawili hushindwa karibu mara moja katika kila mara tano. Kamanda mwenye busara hapeleki kikosi chake chote mstari wa mbele kwa kuamini kwamba adui ni dhaifu, hubakiza akiba. Wahenga wamesema, akiba haiozi.

Ndiyo maana wachezaji wa kazi hutenga fedha za mitaji 20 hadi 30, au zaidi, kwa meza ya namna moja. Kwa meza ya dola 200, hizo ni dola 4,000 hadi 6,000, zilizotengwa mbali na chakula, kodi ya nyumba na karo za watoto. Ndugu askari, jiulize: ni wangapi kambini walio na akiba ya namna hiyo?

Atatokea wa kujibu kwamba Richard Nixon, alipokuwa afisa wa jeshi la majini la Marekani katika Vita Kuu ya Pili, alishinda maelfu ya dola kwa poka, na sehemu yake ikamsaidia katika kampeni yake ya mwaka 1946. Ni kweli. Ila fedha hizo zilitoka katika mifuko ya wanajeshi wenzake. Dwight Eisenhower, aliyekuwa Rais kabla yake, naye alikuwa hodari wa mchezo huo alipokuwa afisa kijana. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, afisa mmoja alimlipa deni la poka kwa dhamana za vita ambazo mkewe alikuwa ameziweka akiba. Eisenhower alifanya mpango wa makusudi wa kumrudishia fedha hizo kwa kushindwa, kisha akaacha kucheza poka na wanajeshi.

Funzo hilo latuhusu sana. Koplo anayedaiwa na mwenzake hamwamini tena katika doria. Polisi mwenye deni la kamari ni rahisi kununuliwa na mhalifu. Kwa hiyo anayetaka burudani na aweke kiasi ambacho kikipotea chote, nyumbani hakuna atakayelala njaa. Akiandike kabla ya kuketi, na kikiisha, ainuke. Na kwa aliye na mshahara peke yake, mtaji ulio sahihi ni sifuri.