Pedeli za kunasa kiatu si za kubebea ndizi

Leo naacha mbolea kidogo nizungumzie baiskeli. Mimi ni bwana shamba, si fundi, lakini siku hizi nikisimama njiani naulizwa habari za pedeli, na jibu langu kwa wengi limekuwa haliwapendezi. Bora niliandike.

Mambo mawili yameleta maswali haya. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza barani Afrika, na vijana wetu waliyatazama kwenye simu. Wakaona miguu ya wale waendeshaji imeshikana na pedeli kama imepigwa gundi. La pili ni hizi baiskeli za mtumba za milimani. Baadhi zinafika zikiwa bado na pedeli za aina hiyo: kidude kidogo cha chuma chenye springi, hakina mahali pa kuweka unyayo. Mtu anaipenda fremu, anapenda gia, analipa. Akifika nyumbani anapanda na kandambili, mguu unateleza, anadhani pedeli imeharibika.

Haijaharibika. Imetengenezwa ishike kichuma kinachofungwa kwa skrubu chini ya kiatu maalumu. Ukikanyaga inalia "ta!", mguu umenasa. Ukitaka kutoka unazungusha kisigino kuelekea nje. Kampuni ya LOOK ya Ufaransa ilitoa za mbio za barabarani mwaka 1984, na Shimano ya Japani ikatoa za njia za vumbi na matope mwaka 1990, zenye kichuma kidogo kilichozama ndani ya soli ili mtu aweze pia kutembea. Kwa mashindano ni kitu kizuri. Adrien Niyonshuti wa Rwanda alishindana mbio za baiskeli za milimani kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, na katika mbio za namna ile mguu ukiruka kutoka kwenye pedeli umepoteza muda.

Lakini Niyonshuti hakuwa na mikungu mitatu ya ndizi kwenye keria.

Kijana mmoja aliniambia, "Bwana shamba, zile zinaongeza nguvu mlimani." Nikamuuliza, mdogo wangu, wewe mlimani na mzigo unaendesha? Akacheka. Sisi sote tunajua: kupanda tunasukuma kwa miguu, kushuka ndiyo tunapanda juu. Na kwenye kushuka, udongo wetu ukilowa, mguu ndio breki ya tatu. Unautoa haraka, unagusa chini, baiskeli inakaa sawa. Aliyenaswa lazima kwanza akumbuke kuzungusha kisigino. Hata wanaojifunza bila mzigo huanguka kwa namna hiyo, wamesimama kabisa, wanalala upande kama gunia. Sasa weka dumu la maziwa nyuma. Halafu matope: yakijaa kwenye springi, pedeli ama inakataa kunasa, ama inanasa na kugoma kuachia.

Kuitumia bila kile kiatu ndiyo mbaya zaidi, na hili nalisema kwa kovu. Nilipopangiwa kazi huku, kabla ya kupewa pikipiki (pikipiki ninayo sasa, mafuta ndiyo huwa hayapo), nilinunua mtumba Mbeya mjini yenye pedeli hizo. Nikaona kuzibadilisha ni gharama. Siku moja nashuka barabara ya Masoko, mvua ya Aprili, nimevaa gambuti, nyuma nina kreti la miche ya parachichi ya kikundi cha akina mama. Buti likateleza kwenye kile kichuma, pedeli ikazunguka ikanipiga kwenye muundi, nikaingia mtaroni. Miche 18 ilivunjika. Mguu ulipona kwa wiki tatu, ila kuwaeleza wale akina mama kulichukua muda mrefu zaidi. Nilikuwa nimekwepa gharama ndogo kuliko bei ya ile miche.

Kwa hiyo ukinunua baiskeli yenye pedeli hizo, zitoe kabla hujafunga mzigo wa kwanza. Weka pedeli bapa, pana, ya chuma, yenye meno pembeni. Zile za plastiki hupasuka mapema kwa mzigo. Za mpira zinazokuja na baiskeli kubwa za kawaida ni nzuri kiangazi, ila mvua ikinyesha na gambuti miguuni zinateleza kama ganda la ndizi. Dukani izungushe kwa vidole na uitikise: ikicheza sana au ikikwaruza, goroli zake si nzuri. Chagua inayoweza kufunguliwa ili fundi aongeze grisi.

Nenda na ile ya zamani mkononi, mlinganishe unene wa msumari wake, maana si zote zinalingana. Angalia pia herufi: R ni ya kulia, L ni ya kushoto. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Uzi wa pedeli ya kushoto umegeuzwa, unafunguka kinyume na nati ulizozoea. Njia rahisi ya kukumbuka, kwa pande zote mbili: spana namba 15 ikiwa imesimama juu ya msumari, ivute kuelekea gurudumu la nyuma kufungua, isukume kuelekea la mbele kufunga. Nyingine hazina mahali pa spana, zinafunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita kutoka upande wa ndani. Anza kuifunga kwa vidole na grisi kidogo. Ikigoma, usilazimishe. Mkono wa pedeli wa aluminiamu ukikatika uzi, utanunua mkono mzima.

Zile ulizotoa usitupe. Wapo vijana Mbeya wanaoendesha kwa mazoezi, watazinunua. Na wewe kijana unayezitaka kwa mashindano, bila mzigo, sikukatazi: nunua na viatu vyake, legeza springi hadi mwisho, jifunzie kwenye uwanja wa nyasi wiki nzima kabla ya kugusa mteremko.

Ila kama fedha ni moja tu, na raba za breki zimeisha, anza na breki. Pedeli zisubiri mauzo ya mkungu unaofuata.