Watalii wakirudi visiwani, nani atafaidika? Somo la masokwe wa Bwindi

KILA linapozuka suala la maisha baada ya vita katika pwani yetu ya kaskazini ya Cabo Delgado, macho ya wengi huelekea Afungi, kwenye gesi. Ni wachache wanaotazama visiwani. Lakini kuanzia Vamizi hadi Macaloe, miaka mingi kabla ya mashambulizi yaliyoanzia Mocímboa da Praia Oktoba 5, 2017, wawekezaji walikwishaona kwamba matumbawe, kasa na mchanga mweupe ni mali inayouzwa kwa wageni bila kuhamishwa mahali pake. Septemba 2020 wapiganaji walifika Vamizi, wakawafukuza watu, na hoteli ya kifahari iliyokuwapo ikachomwa moto.

Amani ikitulia, wageni watarudi. Swali langu ni moja: watakaporudi, sisi tunaotua na mashua zetu Macaloe, tuliokimbia na kurudi, tutakuwa wapi katika biashara hiyo?

Kulijibu swali hilo naomba msomaji tupande milimani. Wanafunzi wangu huniuliza wale askari wa Rwanda, waliokuja mkoani kwetu Julai 2021 na mwezi uliofuata wakaikomboa Mocímboa da Praia pamoja na majeshi yetu, kwao kukoje. Huwaambia kwamba nchi yao, pamoja na jirani zake Uganda na Kongo, ina utajiri usiopatikana kwingine duniani: masokwe wakubwa wa milimani. Matokeo ya sensa ya misitu ya Virunga yaliyotolewa 2018, pamoja na yale ya Bwindi ya mwaka uliofuata, yalionyesha kuwa wako 1,063 tu.

Biashara yenyewe inaendeshwaje? Chukua Bwindi, kusini magharibi mwa Uganda, msitu mnene uliofanywa hifadhi ya taifa 1991 na kuanza kupokea watalii wa masokwe 1993. Alfajiri wafuatiliaji hutangulia kutafuta familia ya masokwe ilikolala. Wageni, wasiozidi wanane kwa familia moja kwa siku, hufuata nyuma na kiongozi, walinzi wenye bunduki, na vijana wa vijijini wanaobeba mizigo kwa malipo. Hupanda na kushuka makorongo yenye utelezi na majani yanayowasha, pengine saa moja, pengine saa sita. Wakiwafikia, hukaa mbali kidogo, humtazama dume mwenye mvi mgongoni akila majani, na baada ya saa moja huondoka. Mwenye mafua haruhusiwi, kwa kuwa sokwe huambukizwa maradhi yetu.

Kwa saa hiyo moja, tangu 2024 mgeni kutoka ng'ambo hulipa Uganda dola 800. Rwanda ilipandisha ada yake kutoka dola 750 hadi 1,500 mwaka 2017. Hapo ndipo penye akili ya biashara. Wageni ni wachache, bei ni kubwa, na mali haiishi. Mchuuzi yeyote wa mpakani anajua kwamba bidhaa ikiwa adimu usiimwage sokoni.

Tusidhani kwamba wenzetu walipata hayo katika utulivu. Machi 1, 1999 waasi waliotokea Kongo waliivamia Buhoma, lango la Bwindi, wakaua watalii wanane na ofisa wa hifadhi wa Uganda. Wengi walidhani biashara imekufa. Haikufa, kwa sababu serikali iliweka ulinzi wa kudumu na wanavijiji walikuwa na sababu yao wenyewe ya kutaka wageni warudi. Upande wa pili wa mpaka, hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa 1925, ina masokwe wale wale na milima ile ile. Lakini Mei 2018 Waingereza wawili walitekwa huko na askari wa hifadhi aliyekuwa nao akauawa; hifadhi ikafungwa hadi 2019. Aprili 2020 walinzi 12 waliuawa siku moja. Tofauti ya pande hizo mbili si uzuri wa msitu. Ni kama kuna dola inayoweza kumlinda raia kwanza, kisha mgeni.

Sasa tuje kwenye mgawo. Rwanda ilianza 2005 kutenga asilimia 5 ya mapato ya utalii wa hifadhi kwa ajili ya vijiji jirani, na 2017 ikapandisha hadi asilimia 10. Uganda hutoa asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi kwa majirani, na katika kila kibali cha sokwe hukata kiasi cha dola kwa ajili yao. Fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati. Jangili akiingia msituni huku mwanao anasoma katika darasa lililotokana na sokwe, huwezi kunyamaza.

Hata hivyo, asali hiyo ina nyuki. Bwindi ilipofanywa hifadhi 1991, Watwa, watu walioishi kwa kuwinda na kurina asali humo tangu enzi, walitolewa. Hawakuwa na hati, wakabaki vibarua katika mashamba ya wengine. Ilichukua miaka 30 hadi Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda ikubali kwamba hawakutendewa haki. Leo baadhi yao huwaonyesha watalii jinsi babu zao walivyowasha moto. Mwenye nyumba amekuwa maonyesho katika nyumba yake!

Hapo ndipo moyo wangu unaposhituka. Mimi nilisoma Tanzania, ukimbizini, na tuliporudi tulikuta miembe ya babu inachumwa na wengine. Mkimbizi anaporudi hana karatasi, ana kumbukumbu tu. Bahati nzuri, Sheria ya Ardhi ya 1997 ya Msumbiji ilitambua haki ya aliyekaa mahali kwa desturi za kwao, na ya aliyekaa kwa nia njema miaka isiyopungua 10, hata kama hana hati, na ikakubali ushahidi wa mdomo wa wanajamii. Iliagiza pia kwamba wananchi waulizwe kabla mwekezaji hajapewa ardhi. Nayo Sheria ya Misitu na Wanyama ya 1999, pamoja na kanuni zake za 2002, iliamua asilimia 20 ya tozo za serikali ziende kwa jamii za mahali husika. Kwa hiyo msingi upo. Kinachokosekana ni watu wa kuudai.

Tufanye nini basi? Kwanza, waliorudi waandikishe sasa, mbele ya wazee na majirani, nani alikaa wapi, kambi za wavuvi zilikuwa wapi, makaburi yako wapi. Wasisubiri boti ya mwekezaji itie nanga. Pili, kamati za wavuvi ziweke zenyewe sehemu za kupumzisha bahari na kuwalinda kasa, ili mgeni akija akute wenye mali. Tatu, wafanyabiashara wa mpakani wadai katika mkataba wowote kwamba samaki, mboga, mchele na usafiri wa mashua vinunuliwe hapa, visiletwe kwa ndege kutoka mbali. Mgawo wa asilimia huchelewa njiani; samaki aliyenunuliwa leo analipwa leo.

Na serikali nayo iangalie Buhoma na Virunga. Kulinda hoteli huku kijiji cha jirani kinalala porini kwa hofu si usalama.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wa Macaloe hatapona kwa kukaa ufukweni akipunga mkono. Atapona akiwa amekwishaketi mezani kabla mgeni hajafika.