Mashauri ya Mchungaji: Mtoto Anayesema Haogopi Kitu



Mwezi huu nataka kuongea na ninyi juu ya sinema. Najua wazee wengine watakunja uso: "Pastere naye ameanza mambo ya video?" Vumilieni kidogo. Aliyeniletea jambo hili ni mama mjane mmoja wa hapa Lubondja. Alinikuta nyuma ya kanisa, akaniambia: "Pastere, mutoto wangu, kule kwenye mashimo wanamuita Batman. Ile ni jina gani? Ni ya pepo?"

Hapana, mama, si jina la pepo. Lakini sababu ya kumpa jina lile ilinisumbua kuliko jina lenyewe. Wenzake wanasema yeye ndiye anashuka wa kwanza, hata usiku, hata mvua ikiwa imenyesha mchana kutwa, hata bila kuuliza kama miti ya kushikilia udongo ingali mizima. Wanasema hana woga. Baba yake alibaki ndani ya shimo miaka miwili iliyopita. Kijana mwenyewe ana miaka kumi na sita. (Sheria ya madini ya nchi yetu, ile ya mwaka 2002, inampa kadi ya uchimbaji mtu mzima tu. Lakini sisi wote tunajua nani anashuka usiku.)

Basi niliwaomba vijana wa kwaya wanionyeshe huyo Batman. Tukaketi, tukaangalia, nami nilikuwa na kalamu mkononi kama mwanafunzi.

Batman maana yake ni mtu-popo. Wamarekani wawili, Bob Kane na Bill Finger, ndio waliomtunga, akatokea mara ya kwanza katika kitabu cha picha mwaka 1939. Hana nguvu za ajabu. Haruki kama ndege, na risasi inaweza kumuua. Jina lake la nyumbani ni Bruce Wayne, mtoto wa tajiri. Alipokuwa na miaka kama minane, mwizi aliwapiga baba na mama yake risasi mbele ya macho yake. Mengine yote ya maisha yake yanatoka pale.

Katika filamu ya mwaka 2005, Batman Begins, kuna kitu ambacho vijana wanakipita mbio, kwa sababu wanangojea mapigano. Kabla ya kifo kile, mtoto alitumbukia katika kisima cha zamani, na popo wengi wakamrukia gizani. Baba yake akashuka kwa kamba kumtoa. Siku nyingine wako pamoja katika nyumba ya michezo, na wachezaji wamevaa mavazi yanayomkumbusha wale popo. Mtoto anaogopa, anamwomba baba watoke. Wanatoka, na pale nje wanakutana na mwizi.

Msomaji, umeona? Mtoto anabaki na hesabu moja kichwani: kama mimi nisingeogopa, baba na mama wangekuwa wazima. Woga wangu ndio uliowaua. Na baba, akiwa katika kukata roho, anamwambia asiogope. Ni neno la upendo kabisa, lakini mtoto analipokea kama sheria.

Kwa hiyo anapokuwa mtu mzima, woga ule haujapona. Anauvaa. Kitu kilichomtisha utotoni anakifanya kuwa nguo yake, ili wengine nao watetemeke. Kwa nje unaona shujaa. Kwa ndani ni yule mtoto wa miaka minane, bado amesimama mlangoni.

Hayo si mageni kwetu. Hapa Fizi, mwaka 1996 na tena mwaka 1998, watoto walikimbia vita. Wengi walivuka Tanganyika mpaka Kigoma na kambi ya Nyarugusu, na wengine walifika huko bila mzazi hata mmoja. Kati ya wale waliobaki, wako waliochukua bunduki porini. Tunawaita wabaya, na ni kweli walifanya mabaya. Lakini kijana mmoja wa namna ile aliwahi kuniambia kwamba alichoka kuogopa, akataka zamu ya kuogopwa.

Sasa sikilizeni ile filamu nyingine, The Dark Knight Rises, ya mwaka 2012. Hiyo inatuhusu sisi watu wa madini zaidi. Batman amefungwa ndani ya shimo refu la mawe, juu anaona mwanga. Anapanda na kamba kiunoni, anaanguka. Anapanda tena, anaanguka tena. Anasema kwamba haogopi. Mfungwa mmoja mzee anamweleza kwamba hilo ndilo linalomshinda: akitaka kutoka, woga wa kufa lazima urudi ndani yake. Anamshauri apande bila kamba. Ndipo anaogopa kweli, na ndipo anatoka. (Vijana, tafadhali! Yule ni mchezaji wa filamu. Ninyi shikeni kamba.)

Wachimbaji wazee wanajua jambo hili bila filamu yoyote. Woga ndio unaomfanya mtu asikilize kokoto zinazodondoka, aguse mti kabla ya kupita chini yake, aulize maji yamefika wapi. Kule Kamituga, tarehe 11 mwezi wa kenda mwaka 2020, mvua kubwa ilijaza maji ndani ya mashimo, na vijana wengi hawakutoka. Sisemi wale hawakuwa na woga. Maji hayangojei mtu. Nasema tu kwamba siku kama ile, yule aliyeogopa akabaki nyumbani, mama yake anaye hata leo.

Lakini kwa nini twende mpaka Marekani? Ndugu zetu Wanyanga wa Walikale wana shujaa wao, Mwindo. Mzee Shekarisi Rureke aliisimulia hadithi yake mwaka 1956, kwa siku kumi na mbili, na kitabu chake kilitolewa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene. Mwindo alipoteza baba kwa njia mbaya kuliko kifo: baba mwenyewe, mtemi Shemwindo, alimkataa. Alitaka mabinti tu. Akamtupia mkuki mtoto mchanga, akamzika mzima, mwisho akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa majini. Mtoto akaimba ndani ya ngoma, akaelea mpaka kwa shangazi yake, Iyangura, ambaye aliipasua ngoma akamtoa.

Na hapa nilicheka peke yangu: wajomba wa Mwindo ni popo! Ni wahunzi, wanamvika chuma mwili mzima kabla hajaenda kupigana na baba yake. Mtu-popo wa Marekani alijishonea nguo yake mwenyewe, gizani. Mwindo alivikwa na wajomba. Tena alipotaka kwenda peke yake kulipiza kisasi, shangazi alimkatalia, akafuatana naye. Kwa hiyo alipomkamata baba yake, hakumuua. Baba alikiri kosa lake mbele ya watu wote, wakagawana utawala. Na hata baadaye, alipojivuna mno, Nkuba, yule mwenye radi, alimpandisha juu mbinguni kwa mwaka mzima, akapigwa na mvua na jua mpaka akanyamaza. Fimbo yake ya nguvu haikumsaidia kule. Aliporudi kijijini alikuwa mtemi wa amani.

Sasa nitasema kosa langu. Siku za matanga ya baba yake yule kijana, mimi ndiye niliyemshika bega nikamwambia: "Usilie. Usiogope. Sasa wewe ndiye mwanaume wa nyumba." Watu walisema amina. Kisha nikapanda piki-piki nikaenda zangu. Mtoto wa miaka kumi na minne alilichukua neno langu, akalitii miaka miwili.

Nikafungua tena Samweli wa Pili, mlango wa 4 na wa 9. Mefiboshethi alikuwa na miaka mitano habari ilipofika kwamba Yonathani baba yake na Sauli babu yake wameuawa. Yaya yake alimkimbiza, akamwangusha, akawa kilema wa miguu yote miwili. Akakaa mbali, Lo-debari, mpaka Daudi alipomwita. Alifika akaanguka kifudifudi. Daudi naye alimwambia asiogope, neno lile lile nililosema mimi. Lakini Daudi hakwenda zake. Alimrudishia mashamba ya babu yake, akampa nafasi mezani pake siku zote. Na miguu haikupona. Biblia inasema wazi kwamba alikuwa anakula pale, kilema vilevile.

Basi mke wangu alimwita yule kijana kwetu, si kwa mashauri, kwa ugali na ndagala tu. Mara ya kwanza alikula haraka akaondoka. Mara ya pili nilimuuliza juu ya mashimo, akajibu: "Pastere, mimi nilishamaliza kuogopa." Sikubishana naye. Nilimwambia kwamba mimi ninaogopa. Kwamba usiku mvua ikipiga mabati namwaza yeye. Alinitazama kama mtu anayesikia lugha ngeni.

Juma lililopita alikuja bila kuitwa, ilikuwa bado mchana. Aliketi juu ya benchi, akavunja-vunja kijiti, mwishowe akasema anaota maji. Nikamuuliza maji ya namna gani. Akaanza kueleza. Mke wangu alileta taa, na alikuwa bado anaeleza.