Nani Apimaye Shibe ya Mtoto?

Katika mitaa ya Faza, kisiwani Pate, kama ilivyo kwingi katika mwambao, mtoto aliyejaa mwili husifiwa kuwa "ana afya", na aliyekonda mamake huulizwa iwapo humpa chakula. Matumizi hayo ya neno afya yana athari kubwa kuliko yanavyodhaniwa. Mzazi aogopaye lawama humlisha mwanawe ili jicho la jirani liridhike, wala si ili tumbo la mtoto litosheke.

Hapo ndipo husikika "tonge moja tu la mwisho", mara kwa vitisho, mara kwa ahadi ya peremende. Ilhali mtoto huzaliwa na kipimo chake cha shibe: akishiba, huliacha titi. Akishurutishwa kila siku, huweza kukipoteza kipimo hicho akazoea kula pasipo njaa. Mwingine hukichukia chakula chenyewe. Shuruti moja huzaa madhara mawili yanayopingana.

Wapo watakaodai kuwa tatizo la Kenya ni upungufu, si unene. Hawakukosea. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha kwamba asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, na asilimia 3 tu ndio waliozidi uzito. Hata hivyo, kudumaa hakuondolewi kwa kilima cha wali na chai ya sukari. Mtoto aweza kujaa tumbo na asikue, iwapo samaki, kunde, mayai na matunda havimfikii.

Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe wa Marekani, amependekeza mgawanyo mwepesi: mzazi achague chakula na wakati wake, mtoto aachiwe kuamua kiasi. Kuhusu uzito, mwamuzi awe mizani ya kliniki. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006 vilitokana na watoto wa nchi 6, Omani ikiwa mojawapo. Havikuwekwa kwa macho ya wapita njia. Inasikitisha kwamba wazazi wengi huacha kwenda kliniki chanjo zikiisha, ilhali mtoto anapaswa kupimwa hadi atimize miaka 5.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Malezi hayo yaanzie katika lugha: neno afya lirudishiwe maana yake, na mtoto asemapo "nimeshiba", asadikiwe.