KILOSA NA MIKUMI: TUACHE KUGOMBEA WASTANI, TUHESABU KAYA



Kwa siku kadhaa kundi letu limekuwa na mabishano makali. Wapo wanaosema Mikumi wana hela, hivyo miradi na mikopo ielekezwe upande wa Kilosa. Wengine wanajibu kwamba Kilosa ndiyo makao makuu ya wilaya na wamekula vya kutosha. Maneno mengine hayakuwa ya wanachama wa chama kimoja. Nikiwa Katibu wa Tawi, na nikiwa mtu aliyesomea uhasibu, naomba tuitazame hesabu yenyewe kabla hatujavunjiana heshima.

*Kwanza, tunachanganya vitabu vitatu.*
Kuna mapato ya ndani ya halmashauri, kuna pato la mkoa, na kuna mapato ya kaya. Geti la Hifadhi ya Mikumi linaingiza fedha, lakini fedha hizo ni za Taifa. Hazipiti mfukoni mwa mama ntilie wa stendi. Sukari inayotoka kiwandani inahesabiwa kwenye pato la mkoa, lakini faida ni ya wenye hisa. Ukitaka kujua mwananchi anaishije, fungua kitabu cha tatu tu: kaya inaingiza nini, inatumia nini, inabakiwa na nini.

Kitabu hicho Serikali hukifungua kila baada ya miaka kadhaa, kwa Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi. Ule wa 2017/18 ulionyesha kuwa asilimia 26.4 ya Watanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, yaani Sh 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Vijijini ilikuwa asilimia 31.3, mijini 15.8. Utafiti ule haukutoa namba ya jimbo wala ya kata. Kwa hiyo anayesema humu kwamba "takwimu zinaonyesha Mikumi ni matajiri" atuambie amezitoa wapi.

*Pili, wastani unadanganya.*
Tuseme kitongoji kina kaya 10. Tisa zinapata Sh 150,000 kila moja kwa mwezi. Ya kumi ina malori na nyumba ya wageni, inapata Sh 3,650,000. Jumla ni milioni 5, wastani Sh 500,000. Tafuta kaya yenye laki tano katika kitongoji hicho, huipati hata moja! Ukizipanga kaya kuanzia ya chini hadi ya juu na kuitazama iliyo katikati, ina 150,000. Hiyo ndiyo hali halisi ya watu wale.

Majimbo yetu yako hivyohivyo. Jimbo la Mikumi lina Ruaha na Kidodi penye miwa na kiwanda, lakini lina pia Vidunda juu mlimani, ambako gharama ya kushusha gunia inakula bei ya gunia. Jimbo la Kilosa lina Dumila na Magole kwenye barabara kuu ya Dodoma, penye soko kila msimu, na lina Kimamba ambako mkonge uliokuwa ukiajiri maelfu ulianguka. Tofauti ndani ya jimbo moja ni kubwa kuliko maneno tunayotupiana kati ya majimbo mawili.

*Tatu, fedha inayoonekana siyo inayobaki.*
Nakubali kwamba Ruaha na mjini Mikumi mzunguko wa fedha unaonekana kwa macho. Lakini tumchukue mkulima wa nje wa miwa aliyelipwa, tuseme, milioni 4. Toa kukata, kupakia, usafiri, mbolea, makato ya ushirika na mkopo. Akibakiwa na Sh 1,400,000, gawa kwa miezi 12: kama Sh 116,700 kwa mwezi. Nyumbani wako sita, wazazi wawili na watoto wanne. Hata ukihesabu watoto wawili kama mtu mzima mmoja, kila mtu anapata kama Sh 29,200. Kama hana mpunga wa kula ghalani, yuko chini ya mstari wa 2018, na bei za leo si za 2018. Siku ya malipo mtaani alionekana tajiri. Masika kiwanda kikifungwa, anakopa unga dukani.

Na wa Kilosa mjini au Magole anayejua mafuriko ya 2010 na 2014 hahitaji mhasibu wa kumweleza jinsi akiba ya miaka inavyoondoka usiku mmoja.

*Msimamo wa Katibu ni huu:*

1. Tawi lisidai mgawo kwa jina la jimbo. Tudai kwa hali ya kaya, kijiji kwa kijiji.

2. Tumwombe diwani wetu atuletee mchanganuo wa mikopo ya asilimia 10 kwa kata: vikundi vingapi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu viliomba, vingapi vilipata, vingapi vimerejesha. Sheria imeweka 4, 4 na 2. Ni haki yetu kujua zilikwenda wapi.

3. Kila kiongozi wa shina ahesabu kaya zake kwa maswali matatu: chakula cha shambani kilitosha miezi mingapi, fedha taslimu hutoka wapi, na kuna mtu aliyewahi kupata mkopo wa halmashauri au TASAF. Andikeni namba za kaya, siyo majina. Mapato ya mtu yasiletwe kwenye kundi hili.

4. Orodha ya TASAF hupitishwa kwenye mkutano wa kijiji. Ukikaa nyumbani siku hiyo, usije kulalamika humu kwamba bibi fulani amesahauliwa.

Ndugu zangu, wote tuko Halmashauri moja ya Kilosa, na kapu letu ni moja. Tukiendelea kuvutana Kilosa na Mikumi, atakayefaidika ni yule wa kaya ya kumi, kwa sababu wastani unamficha yeye na unawaficha wale tisa.

Karatasi za mashina nazisubiri kabla ya kikao kijacho cha tawi.

Katibu wa Tawi