SI LAANA, NI JENI ZILIZOUNGANA

Kuna neno moja ambalo nimelisikia mtaani kwetu hadi limenichosha, nalo ni "laana".

Jirani yetu ana binti ambaye mimi humwita dada. Akiwa na miaka 17 aliota uvimbe pajani. Mwanzoni haukuuma sana. Ukachuliwa kwa mafuta, ukafungwa kitambaa, lakini wapi! Ulizidi kukua. Ukoo nao ulikuwa umeshakata shauri: eti mamake aliolewa bila ridhaa ya babake, basi hasira ya mzee imemwangukia mjukuu. Mbuzi akachinjwa. Miezi minane ikapita hivyo hivyo.

Hatimaye alipopelekwa hospitalini, madaktari walikata kipande kidogo cha uvimbe wakakipima kwa darubini. Ilikuwa saratani ya nadra sana inayotengeneza gegedu, yaani ile tishu laini lakini ngumu kidogo tunayoipapasa sikioni na kwenye ncha ya pua. Wataalamu huiita kondrosakoma ya mesenkima. Jina refu, najua! Huwapata zaidi vijana, na ingawa mara nyingi huanzia mfupani, huweza pia kuota ndani ya nyama ya mwili.

Sasa nifikie hoja yangu. Mwaka wa 2012 watafiti walitangaza kwamba ndani ya seli za uvimbe huu kuna jeni mbili zilizoshikana, HEY1 na NCOA2. Zote hukaa kwenye kromosomu ya 8, kila moja mahali pake. Kromosomu ikikatika na kuungwa vibaya, mwanzo wa HEY1 hugandana na mwisho wa NCOA2. Kwa kawaida kazi ya HEY1 ni kuzinyamazisha jeni nyingine, na NCOA2 husaidia kuziamsha. Hebu fikiria kiranja aliyepewa kazi ya kutuliza kelele, kisha akabandikwa mdomo wa mpiga baragumu! Anaingia madarasa yale yale aliyozoea, lakini badala ya kimya analeta vurugu.

Na ajali hii haikutoka kwenye yai la mama wala mbegu ya baba. Hutokea katika seli ya mgonjwa mwenyewe, kisha seli hiyo hugawanyika, kama tulivyosoma mwaka huu katika Bayolojia, na kila nakala hubeba kosa lile lile. Seli zake nyingine hazina kosa hilo. Ndugu zake pia hawakulirithi. Kwa hivyo wale waliomzuia kijana wao asimchumbie dadake mkubwa, ati "ukoo ule una ugonjwa", walimkataa binti wa watu bure kabisa.

Najua wapo watakaosema, "Wewe mtoto, laana unaijulia wapi?" Sawa, sina nia ya kubishana na wazee. Nauliza tu: kama ni hasira ya yule babu, mbona HEY1 na NCOA2 zimekutwa zimeungana kwa wagonjwa wa nchi za mbali, ambao hawakumkosea mzee wetu hata siku moja?

Tena si kila uvimbe wa gegedu ni saratani. Kuna ule unaoota vidoleni na miguuni ambao hauui mtu. Mwaka wa 2019 ilionekana kwamba nao mara nyingi una muungano wake wa jeni, FN1 ikiwa imeshikana na FGFR1 au FGFR2. Kwa macho na kwa vidole huwezi kuzitenganisha. Hata darubini yenyewe inaweza kudanganyika: kipande kikikatwa mahali pasipo na gegedu, kondrosakoma hii hufanana na saratani nyingine za seli ndogo za duara, na matibabu yake si yale yale. Hapo kupima jeni zilizoungana ndiko humaliza ubishi. Ikiwa darubini yaweza kukosea, je, mchua misuli wa sokoni?

Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua, lakini dada huyu hakuficha chochote. Alionyesha paja lake kwa kila aliyetaka kuliona. Sisi ndio tuliomfunika kwa maneno.

Alipasuliwa, akapewa na dawa za saratani. Sasa anatembea kwa mkongojo. Anatakiwa kurudi kupimwa kwa miaka mingi kwa sababu ugonjwa huu unaweza kurudi hata baada ya miaka 10, na kila tarehe ikikaribia mamake huzunguka mtaani akikopa nauli. Juzi nilimsaidia kupiga hesabu. Bei ya yule mbuzi ingewapeleka wote wawili Nairobi na kuwarudisha, na chenji ingebaki.